LOUIS RENAULT NA KIUNGO CHA GIA

Barabara itokayo Bujumbura kuelekea kusini hufuata ufuko wa Ziwa Tanganyika bila kuuacha mbali. Kuliani mwa msafiri hulala maji. Kushotoni husimama milima, na mahali pengine milima hiyo husogea karibu mno hata njia ikabanwa kati ya jabali na ziwa. Barabara hupita Kabezi, Magara na Minago, na baada ya kilometa zipatazo 75 huingia Rumonge, mji wa mawese na dagaa. Hapo ndipo njia nyingine huliacha ziwa na kuanza kupanda kuelekea Bururi. Dereva yeyote wa jeshi au wa polisi aliyewahi kuupanda mlima ule akiwa na gari lililosheheni anajua kwamba gia si jambo la mzaha.

Sisi tuliuonja ukweli huo kwa nafsi zetu. Gari letu lilikuwa limetoka karakana siku mbili kabla ya safari, ambako giaboksi ilishushwa ili sahani ya klachi ibadilishwe. Kwenye njia tambarare ya ufukoni lilikwenda bila lawama. Tulipokwisha kuupa mgongo mji wa Rumonge na kuanza kupanda, dereva wetu, koplo mwenye miaka mingi kazini, alikanyaga klachi ili ashuke kutoka gia ya tatu hadi ya pili. Mkono wa gia ukamfuata kwa wepesi usio wa kawaida, ukayumba huku na huku kama mwiko ndani ya chungu kitupu. Katika giaboksi hakuna kilichobadilika. Gia ya tatu ilikuwa bado imekamata. Alipoachia klachi injini ilitetemeka, ikazimika. Nyuma tulikuwa tumepakia askari 9, na nyuma ya gari palikuwa na mteremko, kona, na chini ya kona miti ya michikichi iliyoonekana midogo.

Koplo alifunga breki zote mbili, akaamuru watu washukie upande wa mlima na mawe yawekwe nyuma ya magurudumu. Kisha akalala chini ya gari. Hakukuta kilichovunjika. Fimbo ya chuma inayochukua mwendo wa mkono wa dereva na kuupeleka hadi kwenye giaboksi ilikuwa imechomoka mahali pake. Fundi aliyeirudisha fimbo alisahau kurudisha na kipini chake cha kuifungia, kitu kisichozidi ukucha wa kidole gumba kwa ukubwa. Gari zima, injini nzima na watu 11 walikuwa wametegemea kipini hicho ambacho hakikuwapo.

Koplo alipokuwa akiifunga fimbo kwa waya ili turudi Rumonge polepole, askari mmoja kijana aliuliza ni nani aliyewaletea watu matata haya ya gia. Siku ile hatukuweza kumjibu vema. Makala haya ndiyo jibu letu kwake, na kwa wenzake wote wanaoshika usukani kwa amri ya nchi. Gia hazikubuniwa na mtu mmoja. Lakini ikiwa tunamtafuta mtu mmoja aliyeipa giaboksi umbo ambalo magari mengi ya karne ya 20 yalilifuata, mtu huyo ni Louis Renault wa Ufaransa. Maisha yake yanafaa kusomwa na askari kwa sababu mbili: kazi zake zilikwenda vitani mara mbili, na mwisho wake ulikuwa wa huzuni.

MTOTO WA BILLANCOURT

Louis Renault alizaliwa mjini Paris mwezi wa Februari 1877. Baba yake, Alfred Renault, alikuwa mfanyabiashara mwenye mali, muuzaji wa vitambaa na vifungo. Familia ilikuwa na nyumba ya pili huko Billancourt, kando ya Mto Seine, mahali palipokuwa bado na bustani na hewa ya shamba. Kaka zake wawili, Fernand na Marcel, waliingia katika biashara ya baba. Louis hakuipenda biashara, wala hakung'ara darasani. Alikuwa mtoto wa maneno machache, na kitu kilichomvuta ni mitambo. Aliwahi kuzoea karakana ya Léon Serpollet, mtengenezaji wa magari ya mvuke, na huko Billancourt alikigeuza kibanda cha bustanini kuwa karakana yake mwenyewe.

Alilitumikia jeshi kwa muda uliotakiwa na sheria ya nchi yake, na aliporudi nyumbani mwaka 1898 alikuwa kijana wa miaka 21 mwenye wazo moja kichwani. Alikuwa na kigari cha magurudumu 3 kilichotengenezwa na kampuni ya De Dion-Bouton. Alikivunja akakijenga upya kikawa gari dogo la magurudumu 4. Injini aliiacha kama ilivyokuwa, yenye nguvu isiyofika farasi 2. Jambo jipya lilikuwa njia ya kuifikisha nguvu hiyo ndogo kwenye magurudumu ya nyuma.

Hapa yafaa tueleze kwa nini gari huhitaji gia. Injini ya petroli haifanani na ng'ombe wa kukokota, ambaye huweza kuvuta kwa nguvu zake zote akiwa bado amesimama. Injini hiyo huwa na nguvu pale tu inapozunguka kwa kasi ya kutosha. Ikilazimishwa kuzunguka polepole huzimika. Kwa hiyo pahitajika chombo kati ya injini na magurudumu, ili mlimani injini izunguke mara nyingi huku gurudumu likizunguka mara chache, na kwenye tambarare injini izunguke mara chache zaidi kwa kila mzunguko wa gurudumu. Kabla ya Renault, Émile Levassor alikwisha kutengeneza magari ambayo meno ya chuma yalisogezwa yakashikana kwa zamu. Lakini katika magari mengi ya siku zile nguvu ilimalizia safari yake kwa mikanda au minyororo, ambayo ilipiga kelele, ililegea, ilishika vumbi na kukatika.

Renault aliiondoa minyororo. Alitumia shafti iliyotoka kwenye giaboksi ikaenda moja kwa moja hadi kwenye ekseli ya nyuma. Tena alipanga giaboksi yake iwe na gia 3 za kwendea mbele, na katika gia ya tatu shafti iliyotoka kwenye injini ilikamatana moja kwa moja na shafti iliyokwenda nyuma, bila nguvu kupotea kwa kupitia meno ya katikati. Gari lilipokuwa kwenye mwendo wake wa kawaida, basi, halikulia sana wala halikupoteza nguvu nyingi. Wazo hilo liliandikishwa kwa jina lake mwezi wa Februari 1899.

MLIMA WA KWANZA

Usiku wa tarehe 24 Desemba 1898, katika karamu ya mkesha wa Noeli mjini Paris, marafiki walimcheka kijana huyu na kigari chake. Akabishana nao kwa dau kwamba kingepanda njia ya rue Lepic katika kilima cha Montmartre. Njia hiyo ina mwinuko wa asilimia 13, maana yake kila mwendo wa meta 100 humpandisha msafiri meta 13. Kigari kilipanda. Kabla karamu haijakwisha, Louis alikuwa amepata maagizo ya magari 12.

Tunaomba madereva wetu waangalie jambo hilo kwa makini. Injini ile ilikuwa na nguvu ndogo kuliko injini ya pikipiki nyingi zinazopita sokoni Rumonge. Iliyoupanda mlima ni gia iliyochaguliwa vema, ikafika kwenye gurudumu bila kukatizwa njiani.

Mwaka 1899 Marcel na Fernand walianzisha kampuni ya Renault Frères, yaani ndugu Renault, na Louis akawa fundi wake mkuu. Kampuni nyingine zilipoiga giaboksi yake, alizishitaki, akashinda, nazo zikalazimika kumlipa. Ndugu hao waliyatangaza magari yao kwa mashindano. Mwaka 1902 Marcel alishinda mashindano ya Paris hadi Vienna. Mwaka uliofuata, katika mashindano ya Paris hadi Madrid, Marcel alipata ajali karibu na Couhé-Vérac, akafa. Louis, aliyekuwa mbele katika mashindano yale yale, hakushindana tena tangu siku hiyo. Fernand naye alifariki mwaka 1909. Kijana wa maneno machache akabaki peke yake juu ya kampuni nzima, na tangu hapo hakumshirikisha mtu katika madaraka.

TEKSI ZILIZOKWENDA VITANI

Mwaka 1905 kampuni ya teksi ya Paris iliagiza magari 250 ya Renault. Ilikuwa kazi ya kawaida ya biashara, na hakuna aliyefikiri kwamba magari hayo yangeandikwa katika historia ya vita. Mwezi wa Septemba 1914 majeshi ya Ujerumani yalikuwa karibu kuufikia mji wa Paris. Jenerali Gallieni, aliyekuwa na dhamana ya ulinzi wa mji, alikuwa na askari waliohitajika upesi kwenye medani ya Mto Marne, na treni hazikutosha. Akaamuru teksi zikusanywe. Teksi zipatazo 600, nyingi zikiwa za Renault, zilichukua askari wapatao 5,000, wengi wao watano watano, zikasafiri usiku kwa msafara.

Wanahistoria wamekwisha kuonyesha kwamba askari wengi zaidi walipelekwa kwa treni, na kwamba teksi peke yake hazikuamua vita vile. Hata hivyo somo lake limebaki: gari la raia lililo zima, likiwa na dereva anayelijua, laweza kuwa chombo cha ulinzi katika muda wa usiku mmoja. Katika vita hiyo hiyo, upande wetu wa dunia, mambo yalikuwa mengine kabisa. Majeshi ya Ubelgiji yaliiteka Usumbura, ambayo ndiyo Bujumbura ya leo, mwezi wa Juni 1916, na mizigo mingi ya vita ilibebwa juu ya vichwa vya wapagazi. Wengi wa wapagazi hao hawakurudi makwao. Anayeona kwamba kutunza gari ni kazi ya chini na akumbuke ni nani aliyebeba mzigo kabla gari halijafika.

KIFARU NA MGUU WA KAMANDA

Kazi ya Renault inayojulikana zaidi kwa wanajeshi ni kifaru cha FT. Vifaru vya kwanza vya Waingereza na vya Wafaransa vilikuwa masanduku makubwa na mazito, yenye watu wengi ndani. Kanali Estienne, aliyehesabiwa kuwa baba wa vifaru vya Ufaransa, alitaka kifaru chepesi. Renault alisita mwanzoni, kisha akakubali. Kifaru cha FT kilikuwa na uzito wa tani zipatazo 6.5 na watu 2 tu. Dereva alikaa mbele, kamanda alisimama nyuma yake katika mnara wenye silaha ulioweza kuzunguka pande zote, na injini iliwekwa nyuma. Kiliingia vitani mara ya kwanza tarehe 31 Mei 1918. Vilitengenezwa zaidi ya 3,000, kwa kuwa viwanda vingine navyo vilipewa kazi hiyo. Mpango huo wa dereva mbele, mnara juu na injini nyuma ndio uliofuatwa na vifaru vingi duniani hadi zama zetu.

Ndani ya kifaru hicho palikuwa na kelele nyingi mno, hata kamanda asisikike. Alimwongoza dereva kwa mguu, akimgusa mgongoni au begani kumwonyesha aende, ageuke au asimame. Amri ilitoka kwenye mguu wa kamanda, ikaingia kwa dereva, ikapita kwenye mikono yake, ikapita kwenye fimbo za chuma, ikafika kwenye giaboksi na minyororo ya kifaru. Kiungo kimoja kikikatika, iwe ni cha nyama au cha chuma, kifaru chote kilikuwa ni chuma tu kilichosimama mbele ya adui. Katika maisha yote ya Renault hatukuona mfano ulio bora kuliko huu wa kumfahamisha askari maana ya kiungo.

Vita ilipokwisha, Renault alitunukiwa nishani ya heshima ya nchi yake, na kiwanda cha Billancourt kilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 20,000. Magari yake yalifika na Afrika. Kati ya Novemba 1924 na Julai 1925, Kapteni Delingette na mkewe walisafiri kwa gari la Renault lenye ekseli 3 kutoka Colomb-Béchar, ukingoni mwa jangwa la Sahara, hadi Cape Town.

TAJIRI NA WATU WAKE

Si haki kusimulia mema peke yake. Mwaka 1911 Renault alizuru Marekani na kuviona viwanda vya Ford. Aliporudi alileta utaratibu wa kupima kazi ya kila fundi kwa saa, sekunde baada ya sekunde. Wafanyakazi waliuona utaratibu huo kuwa dharau, wakagoma mwishoni mwa 1912 na tena mwaka 1913. Migomo mingine mikubwa ilitokea mwaka 1936 na 1938. Mtu huyu, aliyeweza kusikia kwa sikio kwamba jino moja la gia limekwaruzika, hakuwa na sikio kama hilo kwa watu. Kati yake na mafundi wake kiungo kililegea mapema, na hakukishughulikia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ukuta ulimwangukia katika Vita Kuu ya Pili. Ujerumani ilipoishinda Ufaransa mwezi wa Juni 1940, kiwanda cha Billancourt kiliwekwa chini ya uangalizi wa Wajerumani, na malori yaliyotengenezwa humo yalikwenda kwa jeshi lililoikalia nchi. Renault alikubali kiwanda kiendelee. Wanaomtetea husema kwamba alitaka kuzuia mitambo na mafundi wasichukuliwe kwa nguvu kupelekwa Ujerumani, na kwamba alikuwa tayari mgonjwa, ulimi wake umekuwa mzito hata kusema kwake kukawa kwa shida. Wanaomlaumu husema kwamba alikipenda kiwanda kuliko nchi. Usiku wa tarehe 3 Machi 1942 ndege za Uingereza zilikipiga kiwanda mabomu ili malori yasiendelee kutoka, na zaidi ya watu 300 waliuawa, wengi wao raia wa Billancourt na jirani zake.

Paris ilipokombolewa, Renault alikamatwa mwezi wa Septemba 1944 kwa tuhuma za kushirikiana na adui, akafungwa katika gereza la Fresnes. Alifariki tarehe 24 Oktoba 1944 akiwa na umri wa miaka 67, kabla hajafikishwa mbele ya hukumu. Sababu ya kifo chake imebishaniwa na ukoo wake kwa miaka mingi. Mwezi wa Januari 1945 serikali ya Ufaransa iliitaifisha kampuni, nayo ikawa mali ya dola hadi ilipobinafsishwa mwaka 1996.

Hakuna mahakama iliyomhukumu Louis Renault mwenyewe, na sisi hatujipi kazi ya mahakama. Lakini jambo moja liko wazi kwa kila avaaye sare. Teksi za 1914 na malori ya 1941 yalitoka chini ya paa moja, kwa ustadi ule ule. Chuma hakiulizi kinamtumikia nani. Mwenye wajibu wa kuuliza ni mtu aliyeshika mkono wa gia.

FIMBO ILE YA RUMONGE

Sasa turudi kwenye fimbo yetu. Katika magari ya kwanza, mkono wa gia ulikuwa karibu na gia zenyewe, na safari ya mwendo ilikuwa fupi. Baadaye watengenezaji waliuhamisha mkono kwa sababu ya nafasi. Katika gari la Peugeot 404, na katika mabasi madogo mengi ya zamani, mkono ulitokea kwenye nguzo ya usukani, na fimbo zikashuka hadi chini. Katika Renault 4, iliyotengenezwa tangu 1961, miaka mingi baada ya kifo cha Louis, mkono ulitokea mbele ya dereva, na fimbo ndefu ikapita juu ya injini hadi kwenye giaboksi iliyokuwa mbele kabisa. Kadiri fimbo zilivyorefuka, ndivyo viungo vilivyoongezeka, na kila kiungo ni mahali pa kulegea.

Kwa hiyo giaboksi inaposhushwa, fimbo hizo hufunguliwa, na hapana budi zirudishwe kwa utaratibu. Utaratibu huo, kama koplo wetu alivyotukumbusha kule mlimani, ni huu.

Kwanza, gari lisimame mahali tambarare, magurudumu yazuiwe kwa mawe au vipande vya mbao, na breki ya mkono ifungwe. Fimbo ikiwa imefunguliwa, mtu asiamini kwamba gia italizuia gari. Wala mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake.

Pili, kabla ya kufungua, kila fimbo itiwe alama. Magari yenye fimbo mbili huwa na fimbo zinazofanana kama pacha, na zikibadilishana mahali dereva atatafuta gia ya kwanza akapata nyingine.

Tatu, vipira na bushi zikaguliwe. Zikiwa zimeliwa, zibadilishwe, kwa maana fimbo hucheza ndani yake hata ikafungwa kwa nguvu namna gani. Ukungu wa ziwani na vumbi la njiani huzila upesi. Basi grisi isionewe uchoyo.

Nne, wakati wa kurudisha, mkono wa gia uwekwe katikati, mahali pasipo na gia, na kiwiko kilicho kwenye giaboksi kiwekwe katikati vilevile. Hapo fimbo inapaswa kuingia mahali pake yenyewe, bila kusukumwa. Ikiwa fupi au ndefu, urefu wake urekebishwe kwa kuzungusha ncha yenye nyuzi, kisha nati ya kukazia ikazwe. Fundi anayeilazimisha fimbo iingie amekwisha kuipindisha, na kosa litamfikia dereva kwenye kona.

Tano, kipini cha kufungia kirudishwe, nacho kiwe kipya. Waya ni wa kumfikisha mtu kwa fundi, hauhesabiwi kuwa matengenezo.

Sita, gari lijaribiwe injini ikiwa imezimwa. Mmoja akae kwenye usukani na kuingiza kila gia pamoja na ya kurudi nyuma. Mwingine, akiwa mahali salama, aangalie kama kiwiko cha giaboksi kinafuata kila mara. Kisha injini iwashwe, gari lijaribiwe kwenye tambarare, na mwisho kabisa liupande mlima, kwanza bila watu nyuma.

Ikitokea fimbo ichomoke safarini, dereva na ajue kwamba giaboksi hubaki katika gia iliyokuwamo. Asipigane na mkono uliolegea. Akanyage klachi, afunge breki, atoke njiani, awashushe watu upande usio na hatari, na azuie magurudumu. Ndivyo alivyofanya koplo wetu, na ndiyo sababu makala haya yameandikwa na mtu aliye hai.

Tulirudi Rumonge jioni hiyo kwa gia moja, klachi ikifanya kazi ya nyongeza. Asubuhi tulikipata kipini katika duka dogo la vipuri karibu na soko, kwa bei isiyofika bei ya sahani moja ya wali na samaki. Koplo alikitia mwenyewe, akamwita yule askari kijana alale naye chini ya gari akione kwa macho yake, kisha akamwamuru akitoe na kukirudisha mara tatu. Baada ya hapo tuliupanda mlima. Pale kwenye kona ya jana, kijana alikuwa ameketi mbele karibu na dereva, akiuangalia mkono wa gia ulipotoka kwenye tatu kwenda kwenye pili. Uliingia, gari likavuta, nasi tukaendelea na safari ya Bururi.